Makoti ya Kundi Zima

Ukilelewa kwenye joto, kisha ukapandishwa milimani ukiwa mtu mzima, kitu cha kwanza kukudharau ni hewa. Unaivuta, haiji. Unaivuta tena, inakuja nusu, kama mtu aliyeitwa akiwa bado na kazi zake. Ndivyo ilivyomkuta binti mmoja alipopanda kwenda kukaa na mama yake mdogo, fundi cherehani, katika mji wa juu ambako asubuhi watu hutoa moshi mdomoni bila kuvuta sigara.

Mama mdogo alikuwa amemtafutia kazi kwenye tanuri la mikate. Siku ya kwanza binti alitia hamira kama alivyozoea kwao. Hakuwa amemaliza kuosha mikono, unga ulishapanda, ukavuka ukingo wa beseni, ukaning'inia nje kama ulimi wa mbwa. Tanurini uliporomoka, na mikate ikatoka bapa kama kandambili.

“Umetoka chini, siyo?” mwoka mikate alimuuliza, wala hakukasirika. “Wote mnaotoka chini mnaanza hivyo. Huku hewa ni nyepesi, hakuna kinachoukandamiza unga. Tia hamira kidogo, uupe muda.”

Kwenye unga alielewa siku hiyohiyo. Kwenye miguu yake mwenyewe alichelewa kuelewa.

Kila asubuhi kundi la wakimbiaji lilipita mbele ya dirisha la mama mdogo, na kila asubuhi binti alisimama pale na ufagio mkononi mpaka wakapotea. Kwao alikuwa mwepesi. Kabla hajatolewa shule ili kumuuguza mama yake, hakuna mtoto darasani aliyewahi kumkamata. Sasa alisikia kwamba kabla ya msimu wa mvua kutakuwa na marathoni juu ya mji, kwenye uwanda wa malisho, na aliitaka mbio ile kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu. Ila hakuna aliyeruhusiwa kujiandikisha peke yake. Namba za kifuani zilitolewa kwa vikundi tu. Basi akapiga moyo konde, akaenda kusimama kwenye geti la uwanja wa mpira mpaka Kocha akachoka kumwona.

“Unataka nini?”

Binti alitazama viatu vyake. Alikuwa na haya za kuzaliwa nazo. Akiulizwa jambo ghafla, koo lilijifunga kama mdomo wa gunia.

“Kukimbia,” alisema mwishowe.

“Haya, kimbia,” Kocha akamjibu, na wanaume wakacheka.

Alitoka na wale wa mbele, mbio za kwao za chini. Hawajafika mbali, midomo ikamfa ganzi, kichwa kikaanza kutwangwa kwa ndani, akaketi juu ya kalavati akiwa na macho ya samaki. Kundi zima likampita. Alijikokota mpaka kwenye tangi la maji la mji, wa mwisho kabisa, na hapo akakuta kazi inamsubiri.

Asubuhi za mji ule ni baridi ya kukata masikio, kwa hiyo kila mkimbiaji hutoka na koti. Hupanda polepole hadi tangini, na hapo, mwili ukishachemka na mlima wenyewe ukianza, makoti huvuliwa. Tatizo ni kwamba njia yao ni ya mzunguko: hupanda upande wa tangi, hushuka upande wa pili kwa barabara ya machimbo ya mawe, hadi getini. Tangini hakuna anayerudi. Ndiyo maana kundi lilikuwa na sheria, ya zamani kuliko Kocha mwenyewe: wa mwisho kufika tangini ndiye anayebeba makoti ya wote. Huyafunga mzigo, hushuka nao kwa njia ya mkato, na mazoezi yake ya siku hiyo yanaishia hapo. Ilikuwa adhabu na mzaha kwa pamoja. Leo alibeba huyu, akataniwa, kesho akajikaza, akabeba mwingine.

Binti akabeba. Kesho yake akabeba tena, na keshokutwa. Hakunung'unika, alikuwa wa mwisho kweli, na sheria ni sheria. Lakini njia ya mkato hakuipita hata siku moja. Hakuja pale kushuka na nguo za watu. Aliyakunja makoti, akayafunga mikono kwa mikono, akajitwika mgongoni kwa shuka kuukuu, akapanda mlima uleule waliopanda wengine.

“Wewe mtoto, tunaganda hapa!” walimfokea alipofika getini jasho likimchuruzika. “Si upite mkato?”

Alitazama viatu vyake. Siku iliyofuata akapanda tena mlima.

Walipoona ni king'ang'anizi, wakaacha kumsubiri. Walikimbilia makwao na jasho lao, kisha mchana wakawa wanapitia makoti nyumbani kwa mama mdogo. Kwa hiyo Kocha na saa yake walikuwa wameshaondoka kila binti alipomaliza, na hakuna mtu kundini aliyejua anakimbiaje. Walijua tu anabeba. Jina likamganda: Kabati.

Aliyembatiza jina hilo ni Bwana Harusi, kijana wa duka la vipuri, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikuwa akitangaza harusi yake kila mwaka na harusi yenyewe haijaonekana. Mdomo wake ulikimbia kuliko miguu. “Kabati, fungua mlango!” alikuwa akisema, kisha anamtupia koti usoni.

Wakati huo mapafu ya binti yalikuwa yakijifunza taratibu, kama unga uliotiwa hamira kidogo. Akajua kuanza chini ya uwezo wake. Akajua kuvuta pumzi mpaka tumboni na kutoharakisha pale kifua kinapoomba msaada. Kichwa kikaacha kuuma. Asubuhi moja alifika tangini akageuka, akaona watu watatu bado wako nyuma yake, wakitweta. Alishangaa mwenyewe. Akavua koti lake, akalikunja, akasimama kungoja wa mwisho afike apewe mzigo.

Likaja koti la kwanza, likatua begani kwake. Likaja la pili. Bwana Harusi, ambaye siku hiyo ndiye aliyefika nyuma ya wote, akamwekea la kwake kichwani kama kofia.

“Si... si mimi leo,” binti alisema.

“Nini?”

“Wa mwisho ni wewe.”

Bwana Harusi aliwatazama wenzake, akacheka. “Jamani, Kabati lina mdomo! Dada yangu, wewe umeshazoea. Sisi tukibeba tutaumia mgongo bure. Kila mtu na kipaji chake.”

Wakaondoka. Binti alibaki na mlima wa nguo unaonuka jasho na moshi wa jiko. Siku ile alielewa kwamba sheria ya wa mwisho ilikuwa imekufa, na walioizika hawakuona haja ya kumwambia.

Kwa mama mdogo hali ilikuwa mbaya vilevile. Makoti yalining'inia kwenye misumari, kwenye kiti cha wateja, juu ya gauni la bibi arusi wa mtu. Waliokuja kuyachukua wakaanza kuacha na kazi.

“Mama, samahani, hapa kifungo kimetoka.”

“Mama, kama una nafasi, huu mfuko umetoboka.”

“Nafasi?” mama mdogo alisema mlango ulipofungwa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoshikiliwa na uzi, na hasira zake zilipanda haraka kuliko sindano ya cherehani lake. “Nafasi ninayo ya kumshonea huyu kinywa! Wewe mtoto, hebu niambie, ulikwenda kule kukimbia au kufua?”

“Kukimbia, mama.”

“Basi mbona wamekugeuza kamba ya kuanikia? Sema! Mdomo wako uliazimwa na nani?”

“Nikikasirika siwezi kusema, mama. Najaribu, haitoki.”

Mama mdogo alimtazama juu ya miwani. “Marehemu dada yangu alikuwa hivyohivyo,” alisema kwa sauti ya chini kidogo. “Watu wakamla mzima mzima.” Kisha akakanyaga pedali kwa nguvu, na hawakulizungumza tena.

Siku chache baadaye Kocha aliwakusanya getini. Kiwanda cha maziwa kilikuwa kimelipatia kundi namba sita za marathoni. Jumamosi kutakuwa na mbio za kuchuja: kupanda kupitia tangini, kuzunguka kileleni mara mbili, kisha kushuka kwa machimbo hadi getini. “Sita wa kwanza kugusa geti hili ndio watakaokwenda. Hakuna ndugu wala rafiki. Kiwanda kitaleta mtu wao ashuhudie, asije mtu akasema nimependelea.”

Watu walipotawanyika, akamwita binti pembeni, akamwekea mkono begani kwa upole wa mtu anayetaka kitu.

“Sikiliza, binti yangu. Jumamosi ni siku kubwa kwa hawa vijana. Sitaki wagombanie makoti. Wewe yashike, upite mkato, uwahi nayo hapa getini. Wakimaliza wasipate homa. Unalisaidia kundi, na kundi halitakusahau.”

“Na mimi?” binti aliuliza.

“Wewe vipi?”

“Namba.”

Kocha alikunja uso, si kwa ukali, bali kama mtu aliyeulizwa swali na kiti. “Wewe bado. Mwakani, Mungu akipenda. Wewe ni wa chini, mbio za huku zinataka kifua cha kuzaliwa nacho.”

Akaenda zake. Binti alisimama pale. Bado? Nani alimpima? Mlima aliupanda na nguo za watu wazima mgongoni, na mvua ikinyesha zililowa zikawa nzito kama mtoto aliyelala, na hakuna aliyewahi kungoja dakika moja kuona anafika saa ngapi. Leo anaambiwa kifua. Alikwenda kazini akaukanda unga kwa ngumi mpaka mwoka mikate akamuuliza nani kamkosea.

Jumamosi wingu lilikuwa limelala juu ya mlima. Getini lilisimama gari la kiwanda cha maziwa, na ndani yake mama mmoja mwenye skafu shingoni, daftari mapajani, akila karanga kwa uvumilivu wa mtu ambaye Jumamosi yake imeharibiwa. Kocha akapuliza filimbi.

Walipanda kwa kuviziana. Tangini wakaanza kuvua makoti, na kama kawaida yakaanza kuruka hewani kumwelekea binti. Bwana Harusi alikuwa amesimama njiani kufunga kamba za raba. Alifika wa mwisho, akatupa la kwake juu ya mengine.

“Kabati langu, leo yatunze vizuri. Funguo za nyumba zimo humo.”

Binti alisimama na makoti mikononi. Alifungua mdomo. Haikutoka. Wenzake walishaanza kuupanda mlima, migongo yao ikipungua. Basi akageukia uzio wa seng'enge unaozunguka tangi, akayatundika moja baada ya jingine, vizuri, kola juu, kama mtu anayepanga duka. La kwake akalifunga kiunoni. Kisha akakimbia.

Hajawahi kuupanda mlima ule bila mzigo. Hatua za kwanza nusura aanguke, maana mwili ulikuwa umeinama mbele kuusubiri uzito ambao haukuja. Mgongo wake ulikuwa mwepesi mpaka ukamtia wasiwasi. Alijizuia. Aliiacha hasira ipande taratibu, asiitumie yote kwenye kona ya kwanza. Alimpita mmoja, akampita wa pili, kila mmoja akimtazama kama ameona kiti kinatembea. Kwenye mzunguko wa pili, juu kabisa penye hewa ya kubabaisha, alimkuta Bwana Harusi kashika kiuno.

“Kabati?” alihema. “Makoti... yako... wapi?”

Binti hakuwa na pumzi ya kugawa.

Kwenye mteremko wa machimbo miguu iliwaka moto, kifua kikalia kama mlango mbovu. Mvua ya mawe ikaanza kumwagika, ikimpiga masikio. Mbele yake aliwaona watano wakigusa geti kwa kupishana. Nyuma alisikia viatu vya Bwana Harusi vikipiga lami, vinakaribia. Akajikaza kisabuni, akatupa mkono mbele, akaligusa geti kwa kiganja kizima mpaka chuma kikalia. Bwana Harusi akaligusa baada yake.

Binti aliinama, mikono magotini, akitweta. Alisikia hatua za Kocha zikimjia. Alidhani atasikia muda wake.

“Makoti yako wapi?” Kocha akasema.

Hilo ndilo lililokuwa la kwanza.

“Yako tangini,” akajibu.

“Tangini! Mvua hii? Watu wanatetemeka, funguo zao zimo, simu zao zimo! Nilikuagiza nini mimi?” Akawageukia wengine, ambao kweli walikuwa wakigongana meno. “Haya. Huyu amevunja utaratibu wa kundi. Hahesabiwi. Nafasi ya sita ni ya Bwana Harusi.”

Bwana Harusi, hoi, aliinua kidole gumba.

Hapo kitu kikafunguka kooni mwa binti. Labda ni mlima uliokifungua, labda ni ile pumzi iliyokuwa bado inakuja kwa nguvu na haikukubali kufungiwa tena.

“Utaratibu gani?” alisema, na sauti ikatoka kubwa mpaka akashtuka. “Utaratibu wenu ni wa mwisho abebe. Leo tangini wa mwisho alikuwa nani? Semeni! Mlimwona wote. Kuna asubuhi ngapi mimi sikuwa wa mwisho na mkanitupia nguo zenu? Nimezibeba zinanuka, nimezibeba zimelowa, mama yangu amewashonea vifungo bila hata asante, na hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyewahi kukaa hapa getini aone kama nimefika. Leo nimefika. Nimegusa. Halafu mnaniuliza koti?”

 Mvua ya mawe ilipiga bati la banda la tiketi. Mmoja wao, askari magereza mrefu, alitazama viatu vyake.

“Nenda kalete makoti,” Kocha alisema polepole, “halafu tutazungumza habari ya namba.”

“Siendi.”

“Basi huna namba.”

“Samahani jamani,” sauti ikatoka garini. Mama wa kiwanda cha maziwa alikuwa ameteremsha kioo kidogo, maganda ya karanga yamemjaa skafuni. “Mimi nimetumwa niandike sita wa kwanza kugusa geti. Nimeshaandika. Wa sita ni huyu msichana.”

“Mama, wewe huelewi mambo ya kundi—”

“Sielewi kabisa, Kocha. Sisi ni watu wa maziwa, habari za nguo hatuna. Binti, njoo uchukue namba yako, mvua inaniingilia.”

Binti akaenda. Ilikuwa karatasi ngumu yenye matundu manne kwenye pembe, na aliishika kwa mikono miwili.

“Jumatatu usinionyeshe uso wako hapa,” Kocha alimwambia nyuma ya mgongo.

Wanaume walisimama wakibishana nani apande kuyafuata makoti. Bwana Harusi akasema goti linamuuma. Mwingine akasema yeye alikuwa wa pili, kwa nini ateseke. Mwishowe wakaondoka wote, mmoja mmoja, kila mtu kulifuata la kwake, wamejikunja kama vifaranga. Binti aliwatazama wakipanda. Alitarajia atacheka, lakini alizidi kuwaka. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Kila mtu na koti lake. Miezi yote ile.

Akawa anakimbia peke yake. Barabara si ya Kocha. Mama mdogo aliishona namba kwenye fulana siku hiyohiyo, ingawa mbio zilikuwa bado mbali, kisha akaifumua na kuishona upya kwa sababu aliona imeinama upande. Binti alilikumbuka kundi, na hilo lilimuudhi zaidi: kuwakumbuka watu waliomfanya punda. Kupanda mlima bila mgongo wa mtu mbele yako ni kazi nyingine kabisa.

Kisha mchana mmoja, akiwa dirishani pa tanuri anauza, akatokea Bwana Harusi. Alikuwa amefunga koti kiunoni.

“Habari za kazi, dada.”

“Nzuri.”

“Kocha amenituma.” Alikohoa, akatazama mikate. “Mambo kundini si mazuri sana. Watu wanagombana. Sasa anasema urudi, mjiandae pamoja na wale watano. Anasema yaliyopita yamepita. Amekusamehe.”

Binti aliuweka chini mkate aliokuwa ameushika.

“Amefanya nini?”

“Amekusamehe. Mimi pia, kwa upande wangu, sina kinyongo.”

Ndani, mwoka mikate aliacha kukanda. Binti alimtazama Bwana Harusi usoni, si viatuni, akamtazama mpaka yule kijana akaanza kujipapasa mifukoni kama aliyepoteza kitu.

“Mwambie Kocha namsalimu sana,” alisema. “Mwambie nami nafikiria kumsamehe. Lakini sasa hivi nina marathoni, sina nafasi. Aulizie baada ya mbio.”

“Nimwambie hivyohivyo?”

“Hivyohivyo. Na wewe pia uulizie.” Akavuta karatasi ya kufungia. “Mkate mmoja au miwili?”